Damu Ikisimama

Kila aliyewahi kuchinja mbuzi anaijua tabia ya damu. Ikitoka shingoni hutiririka kama maji. Ukiikinga kwenye beseni na kuiacha kidogo, hushikana ikawa kama ini. Anayetaka isigande huikoroga tangu mwanzo bila kupumzika. Wakazi wa Gatumba, mji mdogo ulio kati ya mto Rusizi na mpaka wa Kongo kwenye barabara ya Bujumbura kwenda Uvira, wanalijua jambo hilohilo kwa upande wa maji. Mwezi Aprili 2020 Rusizi ulivunja kingo zake ukaingia majumbani, na maelfu kwa maelfu ya watu wakahama. Mkondo wenye kasi hauachi tope. Tope hubaki kwenye kona, nyuma ya kuta, chini ya vitanda, kila mahali maji yalipopoteza mwendo.

Historia ya pampu za moyo, zile zinazopandikizwa kifuani ili zisukume damu badala ya moyo uliochoka, ni historia ya kuzitafuta kona kama hizo. Kwa miaka 60 mafundi na madaktari wamejenga mashine moja baada ya nyingine. Kila mara damu ikapata mahali pa kusimama, donge likajijenga, kisha likakatika na kupanda hadi kwenye ubongo. Pampu yenyewe bado ni ya nchi tajiri. Donge ni la wote, na watu wa Maziwa Makuu wenye valvu za chuma, yaani milango ya bandia, mioyoni mwao wanaishi nalo jirani kila siku. Kwa ajili yao naona inafaa kusimulia jinsi binadamu alivyojifunza kulitambua kabla halijaua.

Tarehe 8 Agosti 1966, mjini Houston, Marekani, Daktari Michael DeBakey alimfanyia upasuaji Esperanza del Valle Vasquez, mama wa miaka 37 kutoka Mexico aliyekuwa akiishi kwa kazi ya saluni. Alibadilishiwa milango miwili ya moyo, lakini baada ya hapo moyo wake ukakataa kubeba kazi peke yake. DeBakey akamwunganishia pampu iliyokaa nje ya kifua. Siku 10 pampu ile ilisaidia, moyo ukapata nguvu, ikaondolewa. Mama yule alirudi kwao na kuishi miaka kadhaa, hadi alipofariki kwa ajali ya gari. Siku 10 zilikuwa chache mno kwa donge kuonyesha uwezo wake wote.

Uwezo huo ulionekana miaka ya 1980. Desemba 1982, mjini Salt Lake City, Barney Clark, daktari wa meno, aliondolewa moyo wake na kuwekewa moyo wa bandia ulioitwa Jarvik-7. Aliishi siku 112. Miaka miwili baadaye William Schroeder akawekewa moyo wa aina hiyohiyo na kuishi siku 620, muda ambao hakuna aliyeutarajia. Lakini hazikupita hata wiki tatu akapigwa na kiharusi, na vingine vikafuata. Ulimwengu mzima uliitazama habari hiyo kwenye televisheni: mashine ilisukuma damu bila kuchoka, na damu yenyewe ikageuka silaha dhidi ya mwenye nayo. Hakuna aliyekuwa na njia ya kuliona donge likikua. Lilijulikana siku mdomo ulipopinda na mkono ulipolegea.

Mafundi walijaribu njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuipaka pampu kwa ndani chembe ndogondogo za titani, hata ukuta wake ukawa na mikwaruzo kama sandpepa. Jambo hilo linashangaza, kwa sababu mtu angefikiri ukuta laini ndio salama. Lakini damu iliposhika kwenye mikwaruzo ile ilitandaza utando mwembamba uliotulia, na juu ya utando huo damu iliyofuata ilipita kana kwamba imo ndani ya mshipa wake. Wagonjwa wa pampu hiyo, HeartMate ya kwanza, wengi wao walihitaji aspirini tu. Mwaka 2001 utafiti wa wagonjwa 129 mahututi, wasioweza kupandikizwa moyo wa mtu mwingine, ulionyesha kwamba asilimia 52 ya waliopewa pampu walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, na asilimia 25 tu ya waliopewa dawa peke yake. Tatizo ni kwamba pampu ilikuwa kubwa, ilipigapiga kama moyo, na kila kitu kinachopigapiga huchakaa. Ndani ya mwaka mmoja au miwili sehemu zake zilianza kufa.

Njia ya pili ilitoka kwenye ukingo wa mto, barani Afrika.

Mwaka 1976 daktari kijana wa Kimarekani, Richard Wampler, alikuwa Misri kwa kazi ya kujitolea. Aliwaona wanavijiji wakipandisha maji kutoka mtoni kwenda mashambani kwa parafujo ya Arkimedi: bomba refu lenye parafujo ndani, mtu anazungusha mpini, maji yanapanda ngazi kwa ngazi bila kupigwa wala kurushwa. Ni kifaa cha zaidi ya miaka 2,000. Wampler akajiuliza kama damu nayo ingeweza kupandishwa hivyo. Na hapa msomaji wa Burundi anaruhusiwa kusimama kidogo, maana katika maji ya Nile yanayofika Misri yamo ya chemchemi ya Rutovu, kusini mwa nchi yake, ambako Mjerumani Burkhart Waldecker alijenga piramidi ndogo ya mawe mwaka 1938 kuonyesha chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote.

Wataalamu walimwambia Wampler kwamba haiwezekani. Chembe nyekundu za damu ni kama vifuko vyepesi. Parafujo inayozunguka kwa kasi, walidai, ingezisaga zote. Yeye akatengeneza pampu nyembamba kama kalamu ya risasi, iliyoingizwa kupitia mshipa wa kinena hadi ndani ya moyo na kuzunguka mara 25,000 kwa dakika. Aprili 1988, Houston tena, Daktari O. H. Frazier aliitumia kwa mgonjwa ambaye mwili wake ulikuwa ukiukataa moyo aliopandikizwa. Chembe hazikusagika kama ilivyohofiwa. Moyo ukatulia, pampu ikatolewa, na kuanzia siku ile mlango ukafunguka kwa pampu zisizopigapiga bali zinazozunguka.

Iliyoshinda zote ilikuwa HeartMate II, ambayo Marekani iliiruhusu Aprili 2008. Ndani yake mlikuwa na rota moja tu, inayozunguka mara 8,000 hadi 10,000 kwa dakika juu ya beringi za yakuti nyekundu zinazooshwa na damu yenyewe. Waya ulitoka tumboni kwenda kwenye kidhibiti na betri zilizovaliwa mabegani. Kwa kuwa damu ilitiririka mfululizo, wagonjwa wengi walikuwa hawana mapigo: unashika kifundo cha mkono, husikii kitu, na mtu anakutazama na kuzungumza nawe. Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, aliwekewa Julai 2010 na kuishi nayo hadi alipopata moyo wa kupandikizwa Machi 2012. Kwa miaka michache ilionekana kana kwamba vita vimekwisha.

Halafu, kuanzia Machi 2011 hivi, jambo fulani likabadilika. Madaktari wa hospitali tatu kubwa za Marekani, Cleveland Clinic, chuo kikuu cha Duke na chuo kikuu cha Washington mjini St. Louis, kila mmoja kwake, walianza kuona pampu zikiziba mapema kuliko kawaida. Hospitali moja ikiona wagonjwa wawili watatu wa namna hiyo husema ni bahati mbaya. Walichofanya hawa, na ndicho ninachokiheshimu kuliko uvumbuzi wowote katika historia hii, ni kuweka madaftari yao pamoja. Walihesabu wagonjwa 837 na pampu 895. Matokeo yalitoka kwenye jarida la tiba la New England mwishoni mwa 2013: pampu zilizoziba ndani ya miezi mitatu ya kwanza zilikuwa zimepanda kutoka asilimia 2.2 hadi asilimia 8.4. Zamani, nusu ya walioziba walikuwa wamefikisha miezi 18 na zaidi; sasa donge lilikuwa linafika katika miezi isiyozidi mitatu kwa nusu yao.

Katika madaftari hayohayo ilijificha habari ya pili, na hiyo ndiyo iliyookoa watu. Donge lilikuwa likijitangaza. Damu inapolazimika kupenya kwenye njia iliyobanwa na donge, chembe nyekundu hupasuka, na kimeng'enya kiitwacho LDH kilichomo ndani yake humwagika kwenye majimaji ya damu, mahali kinapoweza kupimwa. Kwa wagonjwa walioziba, kipimo hicho kilikuwa kimepanda kutoka 540 hadi 1,490 katika wiki zilizotangulia siku donge lilipothibitishwa. Wiki, siyo saa. Karatasi za maabara zilikuwa zimeandika kila kitu mapema. Ilitakiwa mtu wa kuzisoma kwa mfululizo badala ya kuisoma kila moja peke yake.

Faida ya kusoma mapema ilionekana kwa namna ya kutisha. Wagonjwa walioziba na kubadilishiwa pampu waliendelea kuishi sawa na wale ambao hawakuziba kabisa. Kati ya wale ambao hawakubadilishiwa pampu wala kupandikizwa moyo, karibu nusu walikuwa wamefariki ndani ya miezi sita.

Tangu hapo hospitali zilipima LDH kila mgonjwa alipofika, na dalili nyingine zikakusanywa na kupewa uzito wake. Mkojo kubadilika rangi na kuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, kwa sababu rangi ya chembe zilizopasuka inapitia kwenye figo: hiyo mgonjwa mwenyewe anaiona asubuhi chooni, na wagonjwa walifundishwa kupiga simu siku hiyohiyo. Pampu kula umeme zaidi kwa kazi ileile, maana rota inasukumana na kitu. Pumzi kukatika tena baada ya miezi ya nafuu. Mwaka 2012 madaktari wa chuo kikuu cha Columbia, New York, walieleza jaribio ambalo fundi yeyote wa pampu ya maji angelielewa: unamlaza mgonjwa kwenye kipimo cha ECHO, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, unaongeza kasi ya pampu hatua kwa hatua, unautazama upande wa kushoto wa moyo. Pampu nzima huunyonya moyo ukapungua ukubwa. Pampu yenye donge, hata uiongezee kasi namna gani, moyo unabaki umevimba vilevile.

Wengine walitumia masikio. Kila kinachozunguka kina sauti yake, na dereva mzee wa lori anajua beringi imekufa kabla fundi hajafungua boneti. Kwenye kituo cha moyo cha Berlin, watafiti walirekodi sauti za pampu za aina nyingine, HVAD, wakazichambua kwa kompyuta na kuzigawa katika milio inayozijenga. Mwaka 2014 wakaandika kwamba pampu yenye donge hutoa mlio wa ziada ambao pampu safi haina, kwa sababu rota iliyobeba uchafu haizunguki tena kwa mizani. Inanipa faraja kufikiri kwamba baada ya yakuti, titani na kompyuta, mwisho wa yote mtu aliinama akasikiliza kifua cha mwenzake.

Suluhisho la kona zenyewe lilikuja Juni 2014, Hannover, Ujerumani, mgonjwa wa kwanza alipowekewa HeartMate 3. Humo rota haigusi chochote. Inaelea ndani ya sumaku, nafasi zinazoizunguka ni pana, na kila baada ya sekunde mbili pampu hubadilisha kasi yake makusudi ili damu isituame popote. Utafiti wa wagonjwa 1,028 uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili pampu zilizoshukiwa kuziba zilikuwa asilimia 1.4, na za HeartMate II asilimia 13.9. HVAD iliondolewa sokoni Juni 2021. Kwa waliobahatika kuishi karibu na hospitali hizo, ukurasa mmoja wa historia hii umefungwa.

Kwetu ukurasa ni mwingine.

Pampu ya namna hiyo inataka umeme usiokatika usiku kucha, na bei yake haizungumziki katika nyumba ya mvuvi wa Tanganyika. Lakini ugonjwa unaowafikisha vijana wetu kwenye upasuaji wa moyo ni mwingine, na wa zamani zaidi: mtoto anaumwa koo, hatibiwi kwa penisilini, homa ya rumatiki inafuata, na miaka mingi baadaye milango ya moyo inakuwa migumu au inavuja. Wenye bahati hupata upasuaji. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete tangu 2015; Kampala ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago; Kigali, hospitali ya King Faisal imepokea timu za wapasuaji wa kujitolea; Khartoum, kituo cha Salam kilifunguliwa 2007 kikipasua bila malipo. Mgonjwa anarudi kwao na valvu ya chuma inayogonga kifuani kama saa ya mkononi. Vijana huzoea, na anayelala ubavuni mwao huisikia usiku. Valvu hiyo ina kona zake. Bila dawa, damu itasimama.

Dawa hiyo ni warfarini, na asili yake ni zizini. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani ya klova yaliyooza. Februari 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mkulima wa Wisconsin aitwaye Ed Carlson alisafiri kilomita 300 hivi akiwa na mtamba aliyekufa, nyasi zilizooza na kopo la damu lisiloganda. Aliangukia kwenye maabara ya mwanakemia Karl Paul Link. Link na wenzake walihangaika miaka sita hadi wakaipata kemikali yenyewe mwaka 1939. Ndugu yake mkali zaidi, warfarini, iliuzwa kwanza mwaka 1948 kama sumu ya panya, kisha mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu.

Sumu ikawa dawa, lakini haikupoteza tabia yake. Ikizidi, mtu anavuja damu hata kwenye ubongo. Ikipungua, valvu inashika donge. Dawa nyingine humeza nguvu yake au kuiongeza. Chakula pia: sombe na lengalenga zina vitamini K nyingi, na vitamini hiyo ndiyo warfarini inayopigana nayo. Haina maana kwamba mgonjwa aache sombe. Maana yake ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, na damu ipimwe. Kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda ni INR, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikikubali mwaka 1983 ili maabara zote zizungumze lugha moja. Mtu asiyetumia dawa ana INR ya 1 hivi. Mwenye valvu ya chuma huhitaji kati ya 2 na 3.5, kutegemea valvu ipo mlango gani.

Sasa itazame hesabu hii. Mwaka 2015 ilitoka ripoti ya utafiti uitwao REMEDY, uliofuatilia wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki katika nchi 14, nyingi za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini yake, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Kati ya waliokuwa wakimeza dawa za kuzuia damu kuganda, wenye INR iliyo mahali pake walikuwa asilimia 28.3 tu. Zaidi ya wawili katika kila watatu walikuwa ama karibu na donge ama karibu na kuvuja, na bila kipimo mtu hana namna ya kujua.

Baadhi ya watu walitumaini kwamba dawa mpya zisizohitaji kupimwa zingetuondolea mzigo huu. Zilijaribiwa. Mwaka 2013 utafiti wa dawa iitwayo dabigatran kwa wenye valvu za chuma ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu walioitumia waliganda damu na kuvuja damu zaidi kuliko wa warfarini. Mwaka 2022 utafiti wa watu zaidi ya 4,500 wenye moyo wa rumatiki na mapigo yasiyo na mpangilio ulionyesha kwamba dawa za aina ya warfarini, pamoja na taabu zake zote, ziliokoa maisha zaidi ya rivaroxaban. Kwa hiyo tunabaki na warfarini, na kubaki na warfarini ni kubaki na kipimo.

Kipimo hicho hakidai maabara ya chuo kikuu. Zipo mashine za INR za kushika mkononi. Unachoma ncha ya kidole, tone moja la damu linawekwa kwenye kijiti, na jibu linatoka kwa dakika moja hivi. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza. Gharama yake ni vijiti, na vijiti huisha. Mama wa Gatumba mwenye valvu, anayevuka kwenda Uvira kuuza mafuta ya mawese, hapaswi kupoteza siku nzima na nauli ya kwenda Bujumbura mjini kwa ajili ya tone moja la damu. Wizara za afya za ukanda wetu hununua dawa za malaria na vipimo vyake kwa mamilioni. Kuweka mashine moja na vijiti vyake katika kila wilaya yenye watu waliopasuliwa moyo ni jambo la bajeti ndogo, na wanaopanga bajeti waliambiwa tangu 2015.

Na wewe unayeishi na mtu mwenye valvu ya chuma, usingoje bajeti. Usikubali aruke dawa hata siku moja, wala ajipunguzie mwenyewe kwa sababu amejisikia nafuu. Kama ni mwanamke anayefikiria kubeba mimba, amwone daktari wa moyo kabla, kwa kuwa warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Jifunze mlio wa valvu yake ungali mzima, usiku nyumba ikiwa kimya. Siku ukiusikia umefifia au umepotea, pumzi ikawa fupi, ulimi ukawa mzito au mkono ukalegea hata kwa dakika chache, mpeleke hospitali usiku huohuo na uwaambie jambo la kwanza kabisa: ana valvu ya chuma.